Delphin Angali mu Dossier

Simu ya Agent Muyisa ilitetemeka juu ya meza.

Aliitazama. Kicheko alichokuwa nacho kikamfia mdomoni.

«Delphin amefungua dossier: NASIBA.»

Maneno madogo, ya kijivu, yasiyo na haraka, kama yale ambayo simu hutumia kukukumbusha anniversaire ya kuzaliwa ya shangazi.

Nje, Butembo iliendelea na baridi yake na pikipiki zake. Mtu alikuwa anagonga mlango akitaka mbegu za kabichi. Hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kibao cha mlangoni kilisema «Mbegu na Mbolea Bora», na Service, idara ya upelelezi, ilijificha nyuma yake vizuri sana, mpaka wakulima walikuwa wanapanda milima kutoka Luofu kuja kulalamika kwamba vitunguu vimekataa kuota.

Muyisa hakusikia mlango. Alikuwa bado kwenye jina la faili lile.

Nasiba: mama wa mji wa Beni, mwenye camion ya Fuso na dépôt, ghala la mizigo, rafiki wa siri wa Service.

Delphin: agent wa zamani. Tangu Noeli anafanya kazi kwa Patron Lusenge, mnunuzi wa cacao.

Patron Lusenge: yule yule ambaye Nasiba alikuwa anambebea mizigo na kumchungulia.

Unganisha hayo. Muyisa aliyaunganisha, akasimama kutafuta koti lake.

Redio ya Motorola ikakohoa ukutani. Sauti ya wenzake wa Beni; kwao «sombe», kisamvu, ni kazi ya Nasiba.

«Sombe iko ku moto. Narudilia, sombe iko ku moto. Bantu ya Lusenge banangojea ku mulango ya dépôt ya mama. Terminé.»

Mama chef Hulda alitoka katika bureau yake na kikombe cha chai mkononi. Mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Walisema hajawahi kupandisha sauti. Waliomfanya ahitaji kuipandisha walikuwa wamekwisha kuhamishwa mbali.

— Beba pikipiki. Umutoshe Nasiba Beni, umutoe mbele bamushike.

— Ndiyo, Mama chef.

— Na mie simu imeniambia. Delphin alifungua namna gani? Si alirudisha ufunguo?

— Alirudisha.

— Basi nani alimuacha mu dossier?

Muyisa alikuwa anavaa koti lake la ngozi. Aliangalia zipu. Zipu haikuwa na shida yoyote.

— Sijue, Mama chef.

Hulda akanywa chai.

— Haya. Enda.

Uongo ule ulitoka mwepesi, kama mbegu ya chungwa. Ulianza kuwa mzito pale pikipiki yake, TVS, ilipoacha mji.

Ukweli ni huu.

Zamani Service ilikuwa na kabati. Kabati la chuma, la kijani, refu kuliko Mama Hulda, lenye chemise, majalada ya karatasi, za rangi: nyekundu kwa silaha, kahawia kwa cacao na dhahabu, manjano kwa watu. Ukitoa chemise, unaweka pale ilipokuwa karatasi ngumu ambayo watu wa archives wanaiita fantôme, mzimu. Unaandika ni dossier gani imetoka, nani ameitoa, sababu gani. Kwa hiyo kabati lilikuwa na mizimu mingi, na kila mzimu ulikuwa na sahihi.

Msidhani kabati lilikuwa malaika. Panya walikula nusu ya kesi ya Lubero. Chemise moja nyekundu ilitafutwa msimu mzima wa mvua, watu wakasingiziana, urafiki ukavunjika, halafu ikaonekana chini ya thermos. Ukiwa Beni na chemise iko Butembo, uko tu kama mtu asiyejua kusoma.

Ndipo Muyisa akaleta mashine. Dossier za kugawana, zinakaa hewani, kila mtu anaingia na simu yake. Alichekwa. Akawacheka na yeye. Mwanzoni waliharibu: kulikuwa na RAPPORT FINAL, na FINAL VRAI, yaani ya mwisho kweli, na FINAL VRAI 2, na Copie ya FINAL VRAI 2 Usiguse. Muyisa akapanga yote vizuri. Akafanya dossier kubwa ya wote, COMMUN. Na pembeni, dossier ndogo iliyofungwa, MARAFIKI. Humo ndimo walilala watu kama Nasiba. Yeye na Mama Hulda tu ndio walioifungua.

Juma lililopita alichoka kutafuta sehemu mbili. Akaishika MARAFIKI kwa kidole, akaivuta, akaiachia ndani ya COMMUN.

Mashine ilimuuliza. Iliuliza kwa adabu: wale wote wanaoona COMMUN wataona na hii, uendelee?

Alibonyeza Endelea. Anabonyezaka hivyo kila kitu.

Lakini hata hilo si lenyewe. Lenyewe ni kwamba orodha ya wanaoona COMMUN ilikuwa pale pale mbele yake, na jina la Delphin lilikuwa ndani. Aliliona. Tangu Noeli alikuwa analiona.

Kwetu mtu hatolewi mu groupe. Anaweza kuhama mji, kuacha kazi, hata kufa. Jina lake linabaki na picha yake ya ubatizo. Kumtoa ni kumfungia mlango usoni, na simu inamtangazia kila mtu: fulani amemutoa fulani. Sasa mutoe Delphin, aliyesimama témoin, shahidi, siku ya ndoa yako, akabeba pete mfukoni, akalia kuliko mama mkwe. Mutoe, tuone.

Siku Delphin anaaga walifanya pot, karamu ndogo, na Fanta na maandazi. Mama Hulda akanyoosha mkono, Delphin akaweka ufunguo wa kabati, watu wakapiga makofi.

Ule ufunguo mwingine hakuna aliyeuomba.

TVS iliruka shimo la Maboya. Muyisa aliegemea mbele. Bastola ya Browning ilikuwa chini ya koti, simu ya Tecno mfukoni, Motorola kiunoni. Malori ya mbao yalimpigia honi. Mbuzi mmoja alifikiri kuvuka, akaacha.

Alimpigia Nasiba. Imezimwa.

Alipiga tena. Imezimwa.

Kisha akakumbuka. Ijumaa. Nasiba alikuwa musikitini, na musikitini anazimaka simu. Hiyo pia iliandikwa mu dossier, kwa mkono wa Muyisa mwenyewe: «Ijumaa anasali, kisha anarudi dépôt, Commune Ruwenzori.» Delphin alipewa mpaka ratiba.

— Mama Hulda hapa, ilisema redio. Nimutoshe Delphin sasa mu dossier?

— Hapana, Mama chef. Mukimutosha atajua tumeona. Muache asome.

— Asome nini?

Muyisa alikuwa tayari anafunga breki.

— Nitamuandikia kitu ya kusoma.

Alisimama mlimani Kabasha, penye upepo, akatoa Tecno. Réseau hakuna, hata alama moja ya mtandao. Aliinua simu juu. Akapanda kwenye ukingo wa barabara. Akapanda kwenye jiwe. Mama mmoja aliyebeba kuni alisimama kumtazama.

— Unaombea nani, kijana?

— Mutu moja ya Beni, mama.

— Basi panda kidogo tena. Huko bantu banapataka.

Akapanda. Réseau ikaja, nyembamba kama uzi. Alifungua NASIBA, akaandika juu kabisa:

«CHANGEMENT YA LEO: Nasiba hapana sali leo. Anatungojea ku dépôt ya zamani ya mbao, Paida, na papiers za camion. Aje mutu moja tu.»

Simu ikaandika: inangojea réseau.

Ikangoja.

Chemise ya manjano haingoji réseau. Lakini chemise ya manjano huwezi kuiandika ukiwa juu ya jiwe Kabasha, na yenyewe iko kabatini Butembo. Muyisa aliijua hesabu hiyo pande zote mbili, na haikumsaidia kupumua.

Imehifadhiwa.

Halafu, pembeni ya kioo, kiduara kidogo kikawaka. Ndani yake herufi moja. D.

Delphin alikuwa amefungua.

Alikuwa anasoma pale pale, bega kwa bega naye, kama wakati walipokuwa wanainamia chemise moja juu ya meza moja wakigawana mukate. Ule mstari mdogo wa kuandikia wa Delphin ulichezacheza mwisho wa sentensi ya Muyisa. Muyisa alifikiri, andika kitu. Uliza kama ni mie. Tukana.

Kiduara kilizimika.

— Beni, Beni, munasikia?

— Tunasikia.

— Sombe tutaipika Paida. Dépôt ya zamani ya mbao. Waiteni baaskari. Wajifiche.

— Bien reçu, tumeelewa.

Alipoanza kushuka upande wa joto, koti la ngozi likawa adhabu. Aliliacha mwilini. Aliona linamfaa.

Beni ilimpokea na vumbi, na cacao iliyoanikwa kwenye maturubai pembeni ya barabara, na camion za kijeshi. Alipokuwa karibu na Paida, redio ilisema.

«Bapishi banaingia. Banatoka mu Prado. Baaskari banabazunguka.»

Redio ikakwaruza, kisha ikarudi.

«Tumeshika bote. Na Lusenge mwenyewe. Alitaka kujionea kwa macho. Delphin hayuko.»

Muyisa hakushangilia. Delphin hayuko.

Alipofika musikitini, watu walianza kutoka. Nasiba alitoka upande wa wanawake, amejifunga kitambaa cha kijani, mrefu, mwendo wa mtu anayejua bei ya gurudumu. Muyisa alimkaribia akisukuma pikipiki.

— Mama, mbegu za kabichi munahitaji?

Hilo ndilo lilikuwa neno lao. Nasiba alimtazama juu mpaka chini.

— Na ile koti mu joto hii, baba, unahitaji kuzikwa wapi?

— Panda. Hapana rudi dépôt. Banakujua.

Alipanda. Hakupiga kelele. Alikaa kando, akashika chuma cha nyuma, na pikipiki ilipochanganya mwendo ndipo akauliza karibu na sikio lake.

— Nani aliwaambia?

— Mashine. Dossier ilifunguka.

— Mashine iko na mikono?

Mikono yake ilikuwa pale mbele, juu ya usukani, miwili, inaonekana vizuri. Nasiba aliitazama mpaka kona ya rond-point.

— Sawa, akasema. Nimesikia.

Simu yake ilikuwa imewashwa sasa. Ikalia. Alisikiliza, akafunga.

— Ni mulinzi ya dépôt ya Lusenge, rafiki yangu. Delphin anatosha Fuso yangu sasa hivi, na mizigo. Yassini, chauffeur yangu, iko ku usukani. Delphin iko pembeni yake. Banaelekea Boikene, halafu musituni.

Mizigo ile ndiyo Service ilikuwa inaingojea tangu mvua za kwanza. Magunia ya cacao, na katikati ya cacao, détonateurs, viwashio vya mabomu. Zikiingia msituni, zitarudi mjini kwa njia nyingine, siku ya soko.

— Camion ikivuka Boikene tumeipoteza, Muyisa alisema.

— Wewe endesha, baba. Camion ni yangu.

Nasiba alipiga simu. Sauti yake ikabadilika, ikawa ya mama wa nyumbani mwenye jikoni na matatizo.

— Yassini, mutoto wangu. Ile mbuzi yetu haijakunywa mayi tangu asubuhi. Umufungie basi, asizunguke.

Akakata.

— Mbuzi? aliuliza Muyisa.

— Batransporteurs ya hapa tuko na robinet, koki ya mafuta, chini ya kiti. Juu ya banyang'anyi, basiibe camion. Ukiifunga, camion inatembea kidogo, inakohoa, inakufa. Kila chauffeur iko na neno yake na patron.

Waliikuta imekufa mbele ya soko la Boikene. Fuso ya bluu, imelala katikati ya barabara, honi za watu zikiitukana kila upande. Yassini alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani, akionyesha huzuni kubwa sana kwa ajili ya moteur.

Delphin alishuka. Shati jeupe limepigwa pasi. Alimwona Nasiba, kisha akamwona Muyisa, na akatabasamu kama mtu anayefunguliwa mlango wa nyumba anayoijua.

— Muyisa. Donc ile changement ya leo ulikuwa wewe.

— Mikono juu, Delphin.

Browning ilikuwa mkononi. Wamama wa ndizi waliona, wakaacha ndizi. Barabara ikawa tupu kwa namna ambavyo barabara za Beni zimejifunza kuwa tupu.

Delphin hakupandisha mikono. Wa kuume ulikuwa nyuma, chini ya shati.

— Unajua nilikuwa nafanya nini kila asubuhi? Nafungua COMMUN. Nasema leo bamenitosha. Naona jina yangu iko. Kesho pia iko. Nikasema, kumbe hawa bantu bananipenda.

— Nilisikia haya kukutosha.

— Haya.

— Ulisimama ku ndoa yangu.

— Basi angalia mama huyu vizuri, Muyisa. Mie nilifungua mulango. Lakini ni haya yako njo ilimuweka ndani.

Mkono wa Delphin ulianza kutoka nyuma ya shati. Muyisa alikiona chuma. Alikuwa na nafasi. Shati jeupe, umbali mdogo, jua nyuma yake. Mwalimu wake wa silaha angeona aibu kumfundisha tena kitu chepesi hivyo.

Kidole chake kilikataa.

Kidole kile kile. Kwa mashine hakikusitasita.

Ni Yassini aliyeacha kuhuzunika. Aliupiga teke mlango wa Fuso kwa miguu yote miwili, na mlango ukamkuta Delphin mgongoni. Bastola ikaruka chini ya camion. Delphin akaanguka juu ya magoti na Muyisa akawa juu yake, goti kwenye bega, pingu, moja, nyingine. Hakuna aliyepiga risasi. Delphin alikuwa anacheka ndani ya vumbi, au alikuwa analia. Kwa Delphin vitu hivyo vilikuwa karibu tangu siku ya ndoa.

Nasiba alipanda juu ya camion mwenyewe. Alipasua gunia kwa kisu cha chauffeur. Cacao ikamwagika, kahawia, yenye harufu tamu. Kisha vikaja vifurushi vya nailoni.

— Hivi hapa, alisema. Mimi nilisema mara ngapi? Viko hapa.

Jua lilikuwa bado juu askari walipomaliza kuvipakua. Kolonel wao alimshika Muyisa mkono. Redio ya Butembo ilisema «bon travail», kazi nzuri. Nasiba alikuwa mbele ya dépôt yake, anafunga mlango kwa kufuli, kisha kufuli ya pili juu ya ya kwanza.

Muyisa alisimama nyuma yake.

— Lusenge ameshikwa, mama. Delphin pia.

— Na babinamu ya Lusenge? Na madeni ya damu yao? Utakuja kulala hapa ku mulango yangu?

Muyisa aliangalia zile kufuli mbili, Nasiba akaendelea.

— Naenda kwa dada yangu. Usiniulize wapi.

— Siulizi.

— Camion nitamuachia Yassini. Mama yangu alizikwa hapa, Muyisa. Kila Ijumaa nikitoka kusali napitaka kwake. Leo ulinibeba, sikupita.

Aliweka funguo ndani ya kitambaa chake.

— Kitu moja tu. Musiniandike tena. Ku mashine, ku karatasi, fasi yoyote. Umesikia?

— Nimesikia, mama.

— Wewe njo uliniandika?

— Ni mie.

Nasiba alikaza kitambaa chake. Hakumtukana. Ingekuwa vizuri kama angemtukana.

— Uko mutoto muzuri, akasema. Na vua ile koti.

Akaenda.

Asubuhi ya Jumatatu, Butembo ilikuwa imejifunika ukungu. Muyisa alikuwa wa kwanza kufika.

Alifungua mashine. Akaifuta NASIBA. Ikaenda kwenye pipa la takataka, kwa sababu mashine haiamini kwamba unataka kweli kusahau. Akalimwaga na pipa. Akafungua orodha ya COMMUN. Akaweka kidole juu ya jina la Delphin. Mashine ikauliza: umutoshe Delphin?

Sasa ndiyo. Sasa haina maana tena. Akabonyeza, na ikamuuma vile vile kama alivyoogopa tangu Noeli.

Kisha akaenda kwenye kabati. Chemise ya manjano ya Nasiba ilikuwa pale, nyembamba. Akaitoa, akaichoma nyuma ya bureau, mahali wanapochomaka mifuko ya mbegu. Alirudi na fantôme mpya mkononi. Karatasi ngumu, mistari mitatu.

Dossier: akapaacha patupu. Aliahidi.

Ametoa: Muyisa.

Sababu.

Alikaa na kalamu hewani muda mrefu. Kisha akaandika: «Niliona jina, nikasikia haya. Mama chef aliniuliza, nikasema sijue. Nilijua.»

— Andika na tarehe, ilisema sauti nyuma yake.

Mama Hulda alikuwa mlangoni na chai yake. Muyisa hakugeuka.

— Mashine yako iko na historique, Hulda alisema. Nani alivuta nini, siku gani. Niliisoma Ijumaa, mbele ufike Maboya. Ulikuwa unafikiri mie sijui hizi bintu, hein?

— Juu ya nini hamukusema?

— Nilikuwa nangojea useme wewe.

Alichukua fantôme, akavaa miwani, akaisoma yote. Aliirudisha kabatini kwa mkono wake, mahali ilipokuwa chemise, akafunga, akatoa ufunguo.

— Na mie niliweza kuuliza orodha tangu Noeli, akasema. Sikuuliza. Nilimupenda pia.

Nje mtu aligonga mlango. Alitaka mbegu za kabichi.

— Enda umuhudumie, Hulda alisema. Halafu utapata mission ingine.

Muyisa alivaa miwani yake ya jua, ndani ya mji usio na jua. Akashuka ngazi polepole, bila koti, mabega nyuma, mwendo wa mtu aliyeiokoa Beni bila kupiga hata risasi. Wasichana wa bureau ya jirani walimtazama wakasema, huyu muuza mbegu anajionaka nani.

Mkono wake wa kuume ulikuwa mfukoni, umefungwa ngumi, kidole ndani.